Nyota Mbili na Mlipuko wa Mojawapo

Hotuba juu ya elimu ya falaki, iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Wandegeya, Kampala



Waheshimiwa masheikh, wazee, walimu, akina mama na vijana wa Wandegeya.

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, watu wa Wandegeya hutoka nje baada ya magharibi wakautazama upande wa machweo. Hutafuta mwezi, na wakisha kuuona, au wakisha kukata tamaa ya kuuona, hurudi nyumbani. Nyota hawazishughulikii sana, wala si ajabu, kwa maana taa za maduka na za Barabara ya Bombo huzifunika nyingi mno. Lakini mtu akienda shamba katika usiku usio na mwezi, ataona kwamba nchi hii ina bahati ambayo nchi nyingi hazina. Kampala iko karibu sana na Ikweta, ule mstari ambao wasafiri wa Masaka huuvuka pale Kayabwe. Kwa sababu hiyo nyota za kaskazini na nyota za kusini, karibu zote, huonekana hapa kwa zamu katika mzunguko wa mwaka mmoja.

Nyingi katika nyota hizo si moja moja kama zionekanavyo. Jicho huona nukta moja ya nuru, kumbe ni nyota mbili zinazozungukana, zimefungwa pamoja na nguvu ya mvutano, nguvu ile ile iangushayo embe mtini na kuufunga mwezi na dunia. Na kadiri nyota izidivyo kuwa kubwa, ndivyo izidivyo kuwa na mwenzi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 juu ya nyota kubwa kupita kiasi ulionyesha kwamba zaidi ya 70 katika kila 100 zina mwenzi wa karibu hivi kwamba moja haina budi kuipa nyingine mali yake, au kuipokea, kabla ya kufikia mwisho wake.

Na mwisho wa nyota kubwa si mwisho wa kimya. Nyota kubwa hulipuka. Basi swali la hotuba hii ni hili: nyota mbili zilizofungamana, moja ikilipuka, je, hubaki pamoja au hutengana? Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa la mbali na lisilowahusu watu wa Afrika ya Mashariki. Sivyo. Sehemu kubwa ya jibu lake ilipatikana kwa chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Malindi, kikapewa jina la Kiswahili, na jina hilo lingali katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima hata leo.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba Waislamu si wageni katika jambo hili. Haja ya kujua kibla, nyakati za sala na mwandamo wa mwezi iliwafanya waitazame mbingu kwa makini kwa karne nyingi. Mwaka 964, Abdulrahman al-Sufi wa Uajemi alikamilisha kitabu chake cha nyota zisizohama, akaziandika mahali pake, ukubwa wake na majina yake ya Kiarabu. Nyota nyingi hata leo huitwa duniani kote kwa majina yenye asili hiyo. Mojawapo ni ile iitwayo Algol, na asili ya jina hilo ni Raas al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi. Nyota hiyo itarudi tena katika maelezo haya, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa fumbo.

Hali kadhalika, mwaka 1006 ilitokea nyota mpya yenye nuru kubwa ajabu. Huko Misri, Ali ibn Ridwan, ambaye baadaye alikuwa tabibu mashuhuri wa Cairo, aliiona katika ujana wake akaiandikia habari. Alisema ukubwa wake ulizidi ule wa Zuhura mara mbili na nusu au tatu, na nuru yake ilipita kidogo robo ya nuru ya mwezi. Haikupita miaka 50, nyota nyingine mpya ikatokea mwaka 1054. Wachina waliiona mchana kweupe kwa siku 23. Ibn Butlan, tabibu Mkristo wa Baghdad, naye aliiandika. Na yeye ndiye aliyekuwa na ugomvi mkubwa wa elimu na huyo Ibn Ridwan. Waligombana katika utabibu, lakini kila mmoja ameuachia ulimwengu ushahidi wake wa nyota iliyolipuka.

Wataalamu wa leo wameona kwamba mlipuko wa mwaka 1006 ulikuwa wa aina nyingine, wa nyota ndogo iliyokwisha kuzeeka. Ule wa mwaka 1054 ndio uliokuwa wa nyota kubwa, na milipuko ya namna hiyo ndiyo inayohusika hapa. Mlipuko wa nyota huitwa supanova.

Nyota yoyote huishi kwa kuchoma haidrojeni iliyomo ndani yake na kuigeuza kuwa heliamu. Joto la moto huo ndilo linaloizuia isiporomoke kwa uzito wake wenyewe. Jua lina akiba ya kuishi miaka kama milioni 10,000 tangu kuzaliwa kwake. Nyota yenye uzito wa majua 20 ina akiba kubwa zaidi, lakini ni kama tajiri mfujaji: huimaliza katika miaka isiyopita milioni 10 hivi. Haidrojeni ikiisha katikati, huchoma heliamu. Ikiisha heliamu, huchoma vitu vizito zaidi, mpaka moyo wake hugeuka kuwa chuma. Hapo ndipo mwisho, kwa maana chuma hakitoi joto jipya. Moyo wa nyota huporomoka katika muda usiofika sekunde moja, na matabaka ya nje hurushwa angani kwa mwendo wa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Hutokea hivyo kwa nyota zenye uzito wa majua manane hivi au zaidi.

Kinachobaki mara nyingi ni mpira mdogo mzito mno uitwao nyota ya nyutroni. Upana wake ni kilomita 20 hivi, sawa na mwendo wa kutoka Kampala hadi Mukono, lakini ndani ya upana huo mmebanwa uzito unaolizidi jua zima. Ile nyota ya mwaka 1054 iliacha mpira wa namna hiyo, uliogunduliwa mwaka 1968, na wenyewe huzunguka kama pia mara 30 kwa kila sekunde. Nyota nyingine kubwa zaidi huacha shimo jeusi, ambalo hata nuru haitoki ndani yake.

Sasa na irudiwe habari ya nyota mbili. Ili kulifahamu jambo lenyewe, msikilizaji na aifikirie dunia hii na jua. Dunia hulizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Ili kuukimbia mvutano wa jua na kwenda zake bila kurudi, ingehitaji mwendo wa kilomita 42. Kwa kuwa haina mwendo huo, imefungwa. Lakini na ichukuliwe kwamba jua limepoteza nusu ya uzito wake kwa ghafula. Kamba ya mvutano hulegea mara hiyo hiyo, na mwendo wa kukimbia hushuka kutoka kilomita 42 hadi 30, ambao ndio mwendo ule ule ambao dunia inao tayari. Hapo dunia ingekwenda zake bila kusukumwa na mtu. Si kwamba imepigwa. Ni kwamba kilichokuwa kikiizuia hakipo tena.

Hiyo ndiyo kanuni kubwa katika habari hii. Nyota mbili zikizungukana katika njia ya mviringo, kisha kwa ghafula ikapotea zaidi ya nusu ya uzito wa zote mbili zikijumlishwa, zitaachana. Ikipotea chini ya nusu, hubaki pamoja, ila njia yao haiwi ya mviringo tena. Hurefuka kama umbo la yai. Na neno ghafula ni la lazima. Mali ikitoka polepole, kwa maelfu ya miaka, njia hupanuka tu, na kifungo hakikatiki. Kinachovunja ni haraka.

Mtu wa kwanza kuitumia hoja hii kwa ukamilifu katika kueleza nyota zinazokimbia alikuwa Mholanzi, Adriaan Blaauw, katika maandishi yake ya mwaka 1961. Yeye naye alipata kukanyaga ardhi ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, kituo cha nyota cha Leiden kilipeleka wataalamu Kenya, karibu na Ikweta, kupima upya mahali pa nyota, na Blaauw alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Alikuwa amezitazama nyota fulani kubwa zinazokwenda peke yake angani kwa mwendo wa haraka kupita wenzake. Akasema: hizi zilikuwa na wenzi, wenzi walilipuka, nazo zimeachiwa kama jiwe linavyoachiwa na teo, zikaendelea na mwendo ule ule zilizokuwa nao siku ya kutengana.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini ilileta fumbo. Katika nyota mbili, iliyo kubwa ndiyo itanguliayo kumaliza akiba yake, basi ndiyo itanguliayo kulipuka. Na kwa kuwa ndiyo kubwa, ikilipuka itatoa zaidi ya nusu ya uzito wote. Kwa hesabu hiyo, karibu kila jozi ingepaswa kuvunjika, na pasingepatikana nyota kubwa inayozungukana na masalio ya mwenzi wake aliyelipuka. Ilibakia kutazama angani kama kweli hazipo. Tatizo ni kwamba masalio hayo hayatoi nuru ya kuonekana kwa jicho. Hutoa eksirei, na hewa ya dunia huizuia eksirei isifike chini. Tangu mwaka 1962 zilirushwa roketi ndogo zenye vipimo, lakini roketi hizo ziliweza kutazama kwa dakika chache tu kisha zikaanguka. Kilihitajika chombo cha kukaa huko juu.

Chombo hicho kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Waitaliano, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha jukwaa baharini karibu na Malindi, nalo likaitwa San Marco. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya Ikweta: dunia yenyewe, kwa kuzunguka kwake, huisaidia roketi, na chombo kinachozunguka juu ya Ikweta huepuka sehemu zenye mionzi mingi ya kuvuruga vipimo. Chombo kilikuwa cha Marekani, chenye uzito wa kilo 140 hivi. Msimamizi wa kazi alikuwa mwanamke mhandisi, Marjorie Townsend, na mkuu wa uchunguzi alikuwa Riccardo Giacconi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Kwa heshima ya siku hiyo na ya watu wa nchi hiyo, setilaiti ikapewa jina la Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi kwa muda unaozidi kidogo miaka miwili, hadi Machi 1973. Katika muda huo iliipima mbingu yote, ikaandika vitu 339 vinavyotoa eksirei. Mojawapo kiko katika kundi la nyota liitwalo Centaurus, upande wa kusini, si mbali na Msalaba wa Kusini, nacho kikaandikwa kwa jina la Cen X-3. Eksirei yake ilikuja kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 4.8, kama moyo. Wataalamu walipoendelea kuhesabu, wakaona mapigo hayo huja kwa haraka kidogo, kisha kwa kuchelewa kidogo, kisha kwa haraka tena, kwa mpango usiobadilika. Maana yake ni kwamba kinachopiga kinakaribia na kurudi nyuma, yaani kinazunguka kitu. Tena kila baada ya siku mbili na saa mbili hivi mapigo yalikatika kabisa kwa karibu nusu siku, kisha yakarudi. Maana yake ni kwamba kilipita nyuma ya kitu kikubwa kinachokificha, kama jua linavyofichwa wakati wa kupatwa.

Basi Cen X-3 ni nyota ya nyutroni, yaani masalio ya nyota iliyolipuka, nayo inaizunguka nyota kubwa yenye uzito wa majua 20 hivi, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde. Hewa ya ile kubwa huvutwa ikaanguka juu ya ile ndogo, ikapata moto wa mamilioni ya nyuzi, na moto huo ndio utoao eksirei. Jozi ambayo kwa hesabu ya kwanza ilipaswa kuvunjika, ilikuwa imebaki. Mlipuko ulipita, nao hawakuachana.

Kwa nini? Hapa ndipo irudipo Raas al-Ghul. Algol ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 2 na saa 21 hivi. Moja ina uzito wa majua matatu na zaidi. Nyingine haifiki hata uzito wa jua moja. Ajabu ni kwamba ile nyepesi ndiyo iliyozeeka zaidi. Kwa desturi ya nyota hilo haliwezekani, kwa kuwa nzito ndiyo huzeeka kwanza. Ufumbuzi ni mmoja tu: iliyo nyepesi leo ndiyo iliyokuwa nzito jana. Ilipozeeka ilivimba, na kwa kuwa mwenzi wake yu karibu, mali yake ilimwagika ikaenda kwa mwenzi. Aliyekuwa mdogo akawa mkubwa.

Mwaka 1972, Mholanzi mwingine, Edward van den Heuvel, pamoja na mwenzake John Heise, walieleza kwamba Cen X-3 ilipita njia hiyo hiyo. Mfano wa hesabu utalifafanua. Na ziwepo nyota mbili, moja ya uzito wa majua 16, na ya pili 10, jumla 26. Kama ile ya kwanza ingelipuka pale pale, ikaacha nyota ya nyutroni yenye uzito wa jua 1.4, zingepotea 14.6, ambazo ni zaidi ya nusu ya 26. Na jozi ingevunjika. Lakini kabla ya kulipuka, ile ya kwanza humpa mwenzi wake 12, ikabakiwa na moyo wake wa uzito wa 4 tu. Mwenzi amekuwa 22. Jumla ingali 26. Sasa ile ya kwanza ikilipuka, kinachopotea ni 2.6 tu, yaani sehemu moja katika kumi. Njia hurefuka kidogo, lakini kifungo hubaki.

Kwa hiyo lililoamua si ukali wa mlipuko. Mlipuko ni ule ule. Lililoamua ni kile kilichotolewa kabla ya siku ya mlipuko. Iliyokwisha kumpa mwenzi wake mali yake haikuwa na nyingi ya kupoteza, na mwenzi aliyepokea ndiye aliyekuwa na uzito wa kuizuia isipotee.

Hata hivyo jozi iliyobaki haibaki mahali pake. Mvuvi akiruka kutoka kwenye mtumbwi pale Ggaba, yeye huenda mbele, na mtumbwi hurudi nyuma. Ndivyo ilivyo kwa nyota. Siku ya mlipuko, nyota inayolipuka ilikuwa mbioni kuelekea upande fulani. Mali iliyorushwa huuchukua mwendo huo, na jozi iliyobaki husukumwa upande wa pili. Huondoka pamoja, zikiendelea kuzungukana, kwa makumi ya kilomita kwa sekunde. Ushahidi wake upo. Jozi nyingine iliyoandikwa na Uhuru, iitwayo Vela X-1, mwaka 1997 ilionekana ina wimbi mbele yake lenye umbo la upinde, kama lile litanguliao omo ya jahazi likatapo maji. Jozi nzima inasafiri, na mavumbi ya angani yanapasuka mbele yake.

Na zile zinazoachana? Msikilizaji aweza kuitazama mojawapo kwa macho yake. Katika miezi ya Julai na Agosti, jioni, liko juu kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita al-Hawwa, yaani mshika nyoka. Ndani yake mna nyota ya bluu iitwayo Zeta Ophiuchi, yenye uzito wa majua 20 hivi, nayo huonekana bila darubini. Blaauw aliitaja kuwa ni mojawapo ya zile zilizoachwa. Inakwenda peke yake, ina wimbi la upinde mbele yake, na inajizungusha kwa kasi kubwa mno; kasi hiyo ni alama ya kwamba zamani ilipokea mali ya mwenzi. Mwaka 2020 wataalamu wa Ujerumani walirudisha nyuma hesabu ya njia yake, wakarudisha pia njia ya nyota moja ya nyutroni inayopiga mapigo. Njia hizo mbili zilikutana mahali pamoja, karibu miaka milioni 1.8 iliyopita. Wakasema: hawa walikuwa wenzi, na hapo ndipo walipoagana. Huenda hata vumbi la chuma la mlipuko ule lilifika duniani, kwa maana chuma cha aina hiyo kimepatikana katika matabaka ya chini ya bahari.

Hapa lazima liongezwe jambo ambalo hesabu ya uzito peke yake hailielezi. Mlipuko hauwi sawa pande zote. Upande mmoja ukizidi, nyota ya nyutroni inayozaliwa hupigwa teke kuelekea upande wa pili. Zile zinazoonekana zikienda peke yake zilizaliwa na mwendo ambao kwa wastani ni kilomita 400 kwa sekunde. Teke hilo laweza kuivunja jozi ambayo kwa uzito wake ingebaki. Na mara chache, likipiga upande wa kinyume cha mwendo, laweza kuiokoa jozi ambayo ingevunjika. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika jozi za nyota kubwa zinazofika kwenye mlipuko wa kwanza, zaidi ya nane katika kila kumi huachana. Na wengi wa walioachwa hawakimbii. Huondoka polepole, wakachanganyika na nyota nyingine, wala hapana ajuaye kwa kuwatazama kwamba walipata kuwa na wenzi.

Zilizobaki pamoja, basi, ni chache. Lakini habari yao haikuishia hapo. Kwa miaka mingine, yule mwenzi aliyepokea naye huzeeka, naye hulipuka. Katika hizo chache, chache zaidi huuvuka mlipuko wa pili. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Russell Hulse na Joseph Taylor, walizipata nyota mbili za nyutroni zinazozungukana kwa muda usiotimia saa nane, katika njia iliyorefuka sana, na urefu huo wa njia ni kovu la mlipuko. Baadaye ikaonekana pia kwamba zinakaribiana kidogo kidogo kila mwaka. Mwaka 1993 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwisho wa kukaribiana ni kukutana. Tarehe 17 Agosti 2017 vipimo vya Marekani na Italia vilisikia mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, mbali kiasi cha miaka milioni 130 ya nuru. Nuru iliyofuata ilionyesha kwamba katika mgongano ule vilizaliwa vitu vizito, na wataalamu wanaona kwamba sehemu ya dhahabu yote iliyomo duniani ilipatikana kwa njia hiyo. Mwenye pete ya ndoa ya dhahabu kidoleni, basi, huenda amevaa kitu kilichotoka kwa jozi iliyopita milipuko miwili bila kuachana.

Waheshimiwa, limebaki neno moja, nalo ni juu ya jukwaa lile la Malindi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake ya eksirei za angani, na Uhuru ilikuwa nguzo ya kazi hiyo. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti iliondoka pale mwaka 1988. Pwani ya Afrika ya Mashariki ilitoa mahali, ilitoa Ikweta, ikatoa na jina. Waliosoma vipimo, wakapiga hesabu na kuandika vitabu walikuwa karibu wote watu wa ng'ambo. Hilo si la kuwalaumu wao. Walikuja kutafuta elimu, wakaipata. Ni la kuwauliza wenyeji. Mtoto wa Wandegeya anayesikia neno uhuru hulijua kama neno la siasa. Wachache mno huambiwa kwamba ni jina la chombo kilichofumbua fumbo la nyota, na kwamba kilipita juu ya Ikweta, karibu na paa za nyumba za babu zao, tena na tena kila siku kwa miaka miwili.

Mlango haukufungwa. Tarehe 7 Novemba 2022 ilirushwa kutoka Marekani setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na vijana wa Uganda waliojifunza Japani. Ilikuwa ndogo, na kazi yake ilikuwa kuitazama ardhi, si nyota. Lakini Uhuru nayo ilikuwa ndogo. Na kilima cha Makerere, ambako elimu ya juu imekuwako tangu mwaka 1922, hakipo mbali. Ni kupanda tu kutoka Wandegeya kwa miguu.

Mzazi mwenye mtoto anayependa hesabu asimwambie kwamba nyota ni mambo ya Wazungu. Ibn Ridwan hakuwa Mzungu, wala al-Sufi. Na ampeleke shule, amnunulie daftari, amwache aulize. Elimu ni kama ile mali ya nyota: hutolewa mapema, kwa yule aliye karibu, kabla ya siku ya kuondoka haijafika. Mwenye nayo akiishikilia mpaka siku hiyo, hutawanyika pamoja naye. Akiitoa, hubaki kwa mwenzi.

Na mwaka huu, watu watakapotoka tena kuutafuta mwezi, watakaouona wasiharakishe kurudi ndani. Wasimame kidogo, wawaonyeshe watoto ile mbingu ya Ikweta, nyota za kusini na za kaskazini kwa pamoja, na wawaambie kwamba nyingi katika hizo si moja, ni mbili.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.